Homa ya Kupokezana

Brunnleiten, 14 Septemba 1926

Mdogo wangu Alois,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima, mimi na ng'ombe. Viazi vimekubali mwaka huu, vikubwa kama kichwa cha mwenyekiti wa kijiji, ila vina akili zaidi. Padre anakusalimu. Paka wako amehamia kwa jirani, wala simlaumu, kwa jirani kuna maziwa ya kumwagika na mimi simwagi kitu.

Watu wakiniuliza uko wapi nawaambia umekwenda Vienna kujifunza saa za umeme. Wanaitikia "ahaa" na kutazama chini. Wote walikuwepo siku ile ulipoigongesha kengele ya mnara mara arobaini na saba, ukatoa kichwa dirishani na kutangaza kwamba kila nyumba itapewa saa ya dhahabu. Bibi Kreszenz alisimama chini ameshika kikapu, akasubiri ya kwake hadi jioni.

Sasa neno lenyewe. Mwenyekiti Feichtinger anataka kumpa mtu mwingine kazi ya kutunza saa ya mnara wa kanisa. Nilimwambia, "Miaka kumi na tano ndugu yangu ameitunza, leo umpe mfua vyuma wa bondeni?" Akanijibu, "Walburga, saa haingoji wagonjwa." Nikamkaba hadi akanipa muda wa kufika Pasaka. Mpaka hapo naitia ufunguo mimi. Ndiyo, mimi, mjane wa miaka hamsini na miwili, napanda ngazi mia moja na kumi kila asubuhi. Inachelewa dakika nne na sijui pa kuigusa.

Uwaulize hao madaktari una ugonjwa gani, uniandikie.

Dada yako,
Walburga

*

Vienna, tarehe 29, mwezi wangu

Kwa Mtukufu Dada, Malkia wa Viazi!

Nimepokea barua yako mbele ya mabalozi kumi na wawili, wote wamelia. Usihangaike na ngazi. Nimekwishanunua mnara wa Brunnleiten na minara yote kutoka hapa hadi baharini, na kuanzia Jumatatu saa zote za Ulaya zitanifuata mimi. Nimekupa milima miwili, chagua. Feichtinger nimemfanya admerali.

Genoveva mke wangu atakuja kwa gari la farasi arobaini na watoto wetu watatu. Wamekua sana. Wa kwanza ana ndevu.

Nina furaha dada, nina furaha, nina furaha furaha fur

Mimi, Alois wa Kwanza

(Samahani mama. Nimemwachia atie sahihi kwa sababu alililia. Daktari Lindner atakuandikia mwenyewe. — Sista Benedikta, wodi ya wanaume)

*

Brunnleiten, 20 Oktoba 1926

Mdogo wangu,

Salamu, ingawa sijui nani atakayezipokea, wewe au admerali wako. Huku tumevuna mbegu za maua ya popi, nimeoka keki uipendayo na nimeila peke yangu kwa hasira.

Barua ya daktari imefika. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Jina la ugonjwa siliandiki. Nyumba yetu imetoa masista wawili na mpiga kinanda wa kanisa. Sijui jina hilo limepita mlango gani.

Anasema ugonjwa huo ulilala mwilini mwako miaka mingi na sasa umepanda kichwani, na kwamba dawa waliyo nayo ni kukuambukiza malaria. Nilidhani macho yangu yamechoka. Homa ambayo watu wa nchi za joto wanaikimbia, hao wanaitia mtu kwa sindano! Anasema wengi hupata nafuu na wachache hufa. Asipofanya kitu, utakufa bila shaka, na kabla ya kufa hutanijua.

Nimetia sahihi ya kukubali.

Kuhusu Genoveva, usiniandikie tena. Aliondoka nyumbani mwetu kwa miguu yake mwaka wa ishirini, hakufukuzwa na mtu. Watoto wako hawana ndevu, Alois. Wako palepale tulipowazika, chini ya ukingo wa paa la kanisa, ambapo maji ya mvua yanawadondokea yawabatize, kwa kuwa hawakuwahi kupumua wabatizwe na padre.

Walburga

*

Vienna, 12 Desemba 1926

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Usishangae mwandiko, mkono haujarudi sawasawa. Kichwa kimerudi. Leo nimeulizwa mwaka gani, nikataja. Nimeulizwa mimi ni nani, nikasema mtunza saa wa Brunnleiten, na Sista Benedikta akageukia ukutani kufuta macho. Naambiwa nilikugawia milima. Samahani, itabidi uirudishe.

Nikueleze homa. Hapa hapana mbu wa kazi hiyo. Malaria inakaa ndani ya watu, na inahama kutoka kwa mtu hadi mtu. Mgonjwa akiwa katikati ya kutetemeka wanamtoa damu kidogo na kumchoma mwingine mgongoni, naye baada ya wiki moja au mbili anaanza kutetemeka. Mimi nilipewa homa na Bwana Hruschka, kondakta wa tramu. Yeye alipewa na mwalimu wa hesabu. Humu wodini kila mtu anajua ukoo wake. Hruschka namwita baba, ingawa nimemzidi umri, naye akinipita ananidai tiketi.

Siku moja homa, siku moja mapumziko. Baridi ya kwanza inakutikisa hadi kitanda kinatembea, kisha moto, kisha jasho. Baada ya mara ya nane daktari alikuja na kwinini, dawa ya malaria, kunizimia homa. Lakini mgonjwa wa kupokea kutoka kwangu, mwokaji mikate aitwaye Zehetner, alikuwa bado yuko njiani, na wengine wote wenye homa walikuwa wamekwisha kupoa. Nikizimwa mimi, homa imekufa, na Zehetner amekufa. Nikamwambia daktari, "Ningoje." Akasema, "Unaweza usiamke." Nikamwambia nimetunza saa miaka kumi na tano bila kuiacha isimame hata mara moja. Nikatetemeka mara mbili zaidi. Mwokaji akafika. Juzi Zehetner ameacha kujiita Papa, sasa anauliza nani anamsimamia tanuri lake. Ni mwanangu huyo, dada. Nimepata mtoto.

Daktari Lindner ni mtu wa maneno mengi, nami nampenda kwa hilo. Anasema ugonjwa huu tangu zamani kila taifa lilimsukumia jirani. Sisi tuliuita wa Wafaransa, Wafaransa wakauita wa Napoli, Warusi wakauita wa Wapolandi, Waturuki wakasema ni wa Wakristo. Na wazimu wangu huu watu walisema unaletwa na pombe, au na fikra nyingi, au na kuvunjika moyo. Kila nyumba ya wendawazimu ilijaa wafalme na mamilionea, na hakuna aliyejua kwamba wote walikuwa na ugonjwa mmoja. Miaka kumi na mitatu iliyopita Mjapani mmoja huko Amerika ndiye aliyeangalia bongo za marehemu kwa darubini, akawakuta vijidudu wamekaa mle. Kwa hiyo si shetani, dada. Ni kaswende. Umelikataa jina, nami nakuandikia ulione kwamba haliunguzi karatasi.

Kisha akaniuliza kama nina mke, na kama amezaa. Nikasema amezaa mara tatu, wote wamekufa kabla ya kulia. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Haikuwa yeye."

Dada, nenda kwa Genoveva. Apimwe damu, haraka. Naye anaweza kuwa nao umelala.

Alois

*

Brunnleiten, 9 Januari 1927

Alois mdogo wangu,

Nimeibusu barua yako kama mtoto. Nilipofika pale ulipojiita mtunza saa nililia kwa sauti, ng'ombe akajibu. Mungu ashukuriwe, na kondakta pia, na huyo mwalimu wa hesabu ambaye mimi nilipokuwa shule ningemkimbia.

Huku tumechinja nguruwe, mafuta vidole vinne. Theluji imefika madirishani. Feichtinger ameanguka mbele ya kanisa akiwa amevaa viatu vipya, sikucheka, nilicheka nilipofika nyumbani. Padre ana kikohozi. Nimekufumia soksi jozi tatu, ya tatu ina mguu mmoja mrefu. Jirani amejifungua mapacha.

Huko kwa Genoveva siwezi kwenda. Barabara ya ng'ambo ya mto imefungwa na theluji.

Walburga

*

Vienna, 20 Januari 1927

Dada,

Hujambo na theluji yako? Barua yako imefika kwa siku mbili. Mletabarua hupita barabara ya ng'ambo ya mto, kwa miguu, naye ana goti bovu.

Naona una jambo nami nina langu. Nianze mimi, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kimenisogelea vya kutosha.

Niliupata ugonjwa Pola, mji wa bandari, mwaka wa nane, nikiwa askari. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilijiona mjanja. Kikatoka kidonda kimoja kisichouma, baada ya wiki chache kikapona chenyewe. Nilimshukuru Mungu, nikasahau. Miaka mitatu baadaye nikamwoa Genoveva kwa shela nyeupe.

Hilo la kwanza. La pili ni zito zaidi kwangu. Majira ya baridi ya mwaka wa kumi na tisa wanawake walikuwa jikoni kwetu wakichambua manyoya ya bata bukini kwa ajili ya mito. Mtoto wetu wa tatu alikuwa amezikwa wiki ile. Ulimwambia Genoveva mbele yao wote, "Kuku akitaga yai bovu mara moja tunamchinja. Wewe umetaga matatu na bado tunakulisha." Ulidhani niko mnarani. Nilikuwa nyuma ya mlango, Walburga, mkono uko kwenye kitasa. Nikarudi nyuma polepole ili mbao zisilie.

Wewe ulisema usiyoyajua. Mimi nilinyamaza, na kila asubuhi nilipita juu ya watoto wale watatu kwenda kuitia saa ufunguo. Nenda dada. Theluji itayeyuka, damu yake haitangoja.

Alois

*

Brunnleiten, 24 Februari 1927

Ndugu yangu,

Nimekawia kwa sababu sikujua niandike vipi kwamba ulikuwa nyuma ya mlango. Miaka saba nimejiambia hakuna aliyesikia isipokuwa wanawake, kana kwamba wanawake si watu. Nimeona haya, Alois.

Nimekwenda. Anaishi kwa kaka yake penye kinu, anashona glavu. Nywele zimeingia mvi lakini mgongo umenyooka. Alinifungulia mlango nusu.

"Wifi," nikasema.

"Wifi yako nani? Mimi ni kuku."

Nikasimama kwenye theluji. Nilikuwa nimefunga keki ya popi kwenye kitambaa na sikujua nimpe au nikimbie. Nikamwambia yote pale pale mlangoni, jina la ugonjwa pia, mara ya kwanza kulitamka. Nikamwambia watoto hawakuuawa na tumbo lake, waliuawa na kilichotoka Pola. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akakaa kwenye kizingiti, akasema, "Miaka saba nimekuwa nikimwuliza Mungu nilikosa nini." Hakulia. Ningependa angelia.

Nikamwomba aende hospitali ya wilaya akapimwe. Akaniambia, "Nitakwenda. Lakini nikiwa mgonjwa au mzima, watu wa Brunnleiten wataendelea kusema tumbo la Genoveva ni kaburi. Ulisema penye manyoya, ukafute penye manyoya. Mbele ya walewale."

Nikasema, "Maji yakimwagika hayazoleki, wifi."

"Basi chukua kitambaa ufute. Hujawahi kufuta sakafu?"

Sasa unaona nilipokwama. Nikimsafisha yeye nitakuvua nguo wewe. Miongoni mwa wanawake wale ni Bibi Kreszenz, mamaye mwenyekiti. Feichtinger akilisikia jina hilo, Pasaka haitafika, saa itakuwa ya mfua vyuma. Na saa ndiyo iliyokurudishia akili, nimeisoma barua yako. Ukirudi hapa bila mnara utakuwa nani?

Niambie la kufanya. Mimi ndiye mkubwa lakini safari hii niambie wewe.

Walburga

*

Vienna, 1 Machi 1927

Dada,

Sema. Taja na jina langu, na Pola, usipunguze.

Zehetner amepewa ruhusa, ameondoka jana. Alitaka kunibusu mkono, nikamwambia anitumie mkate. Homa yake imekwenda kwa kijana mmoja mpiga fidla, na sasa mimi ni babu.

Saa ni chuma, dada. Nikiikosa nitaumia, sikufichi, nitaumia sana. Lakini niliuacha mlango ule mara moja kwa kurudi nyuma. Sitaki kurudi nyuma mara ya pili.

Alois

*

Brunnleiten, 10 Aprili 1927, Jumapili ya Matawi

Mdogo wangu Alois,

Tumsifu Yesu Kristo! Huku tu wazima, kuliko tulivyokuwa. Ng'ombe amezaa, ndama ni jike na ana ukaidi wa bibi yetu. Paka amerudi. Soksi ile ndefu nimeifumua.

Msimu wa manyoya ulikuwa umekwisha, lakini nilikuwa nimeficha magunia mawili, nikawaita wanawake walewale. Waliokufa ni wawili, waliobaki walikuja saba. Nikawapa kahawa yenye maziwa, si ile ya shayiri, wakaanza kutazamana. Unajua ilivyo penye manyoya, hakuna anayekohoa wala kucheka, kila mtu anapumua kwa adabu. Genoveva aliingia mlango wa nyuma akakaa kwenye kiti chake cha zamani, akaanza kuchambua bila salamu. Vidole vyake bado ni vyepesi kuliko vyetu sote.

Nikasimama. Nikasema, "Mwaka wa kumi na tisa nilimwita wifi yangu kuku wa mayai mabovu, hapa hapa. Nilisema uongo. Ndugu yangu Alois alipata kaswende akiwa askari Pola, akamletea yeye, na ndiyo iliyowaua watoto. Ndiyo pia iliyompanda kichwani. Genoveva hakuwa na kosa. Mwenye kosa la mdomo ni mimi, na namwomba radhi mbele yenu."

Nilisikia saa yako mnarani ikigonga tisa, imechelewa dakika nne.

Kisha Bibi Kreszenz akainuka. Alikuwa na lundo zima mapajani, manyoya yakaruka hadi darini, hakuna aliyeyajali. Ana miaka sabini na mitano, na unajua mumewe alikufa akijiita mwana wa mfalme, wakasema ni pombe. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na wangu wawili, Walburga? Walio chini ya paa, kabla ya huyu mwenyekiti kuzaliwa?"

Ni Genoveva aliyemjibu. "Bibi, huenda haikuwa wewe pia."

Yule mama akaketi juu ya manyoya akalia kwa sauti, na sisi wote tukalia naye, kisha mtu mmoja akapiga chafya na tukacheka hadi mbavu zikauma, weupe kichwa hadi miguu kama waokaji. Zehetner angetuona angetuajiri.

Jumatatu Feichtinger alikuja mlangoni, kofia mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na nilikuwa na ya kumrudishia. Akatazama viatu vyake vipya, akasema, "Mama amesema saa iachwe kwa mwenyewe." Nikamwuliza, "Na wewe mwenyekiti unasemaje?" Akasema, "Nimesema mama amesema."

Genoveva amepimwa. Anao, Alois. Nakuambia wazi maana tumekwisha kuficha. Lakini haujagusa kichwa, na daktari wa wilaya ameanza kumchoma sindano za arseniki, dawa ya ugonjwa huo, kila wiki moja. Genoveva anasema zinauma, na kwamba ametoboa glavu elfu kwa sindano, leo glavu zinalipiza.

Siku ya sindano hulala kwetu kwa kuwa njia ni ndefu. Hajasema anarudi, nami siulizi. Nimejifunza kuufunga mdomo, umri umenifaa. Ila jana asubuhi nilipoamka kwenda mnarani nilimkuta amekwisha kutangulia. Nikamfuata hadi chini ya ukingo wa paa. Theluji ilikuwa inayeyuka, maji yanadondoka juu ya watoto, tone, tone. Alisimama pale pale hadi nywele zikalowa, kisha akapanda ngazi zote mia moja na kumi bila kupumzika. Akaitia saa ufunguo, akasikiliza, akakunja uso kama unavyomjua.

Nikamwuliza kama ana salamu za kukupa. Ameniambia niandike hivi, wala nisiongeze neno: "Saa inachelewa dakika nne na mimi siwezi kuishi na saa ya namna hiyo. Aje airekebishe."

Walburga